Masaa ya Kurudi

Wiki iliyopita, katika posta ya Nyeri, mama mmoja kutoka Mukurweini alikataa katakata kuketi. Mwanawe alikuwa ameondoka Nairobi alfajiri kwa ndege, akienda masomoni London, na mama alikuja kungoja telegramu ya kusema amefika. Kila mara alitoka mlangoni, akatazama juu, akarudi akisokota ncha ya leso.

"Mama, keti," karani alimsihi. "Ni masaa tisa tu."

"Mtoto yangu hajakanyaga chini, mimi nitaketi aje?"

Mwalimu mmoja kwenye foleni yetu alimweleza kwamba London ni zaidi ya maili elfu nne, lakini ndege haichoki. Mama alimsikiliza, kisha akauliza, "Na kurudi? Ni masaa ngapi?"

Mwalimu alicheka. Karani hakucheka. Kaka yake alienda huko kabla ya uhuru, na hadi leo hutuma picha za theluji tu.

"Ni masaa hayo hayo, mama," alijibu polepole.

Kisha akatuacha, akazunguka kaunta, akaenda kusimama naye mlangoni. Sisi watu wa Nyeri hatujulikani kwa subira ya foleni, lakini hakuna aliyenung'unika.