Meza ya treni haitoki sebuleni

Nasema mapema: hii meza haitoki.

Leo mama mkwe kaja kwangu Nsemulwa, akakuta mezani reli yangu ndogo ya mfano, milima ya Mwese niliyofinyanga kwa magazeti, na nyasi za maranda niliyopaka kijani.

"Mwanamke mzima unacheza treni? Toa hiyo meza."

Nikamvutia kiti.

Kosa langu ni moja tu. Kwenye majaruba, vile vishamba vya mpunga kando ya reli, nilibandika punje za mpunga wa kweli.

Kuku akaingia, akarukia mezani, akaanza kudonoa.

Mama mkwe kainuka akipunga kanga yake: "Shh, toka shambani! Mpunga wa watu huo."

Shambani. Kasema mwenyewe.

Mume wangu kakimbilia jikoni kucheka.

Sasa niambieni nyie, hapo anayecheza ni nani?