Nani Kachukua Pini za Paa?

Jamani, mmewahi kuibiwa paa la kanisa kabla halijapanda?

Mimi yalinikuta, tena kijijini Kate, nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Naitwa Jovina, nina karakana Sumbawanga mjini. Paa nalichora kwenye kompyuta, mashine inasoma mchoro na kukata mbao yenyewe. Hakuna msumari. Kila tundu lina pini yake ya mbao, unagonga, kazi imeisha.

Kigango cha Kate kilikuwa kazi yangu ya kwanza kubwa. Mwenyekiti wa kamati, mzee Felisian, hakunificha.

"Binti, paa lisiposimama Jumamosi, naita mafundi wa misumari. Hapa Ufipa hatakupa kazi mtu."

Ijumaa tukaanza kugonga. Pini zikagoma!

Karakanani zilikuwa zinateleza kama sabuni. Kumbe mvua ilizilowesha kwenye lori, zikavimba. Mafundi wakacheka chinichini. Nikazimwaga uani kwa mama mkwe, nikaingia ndani kulia.

Asubuhi natoka, uani peupe. Hamna pini hata ya dawa.

Nilipagawa! Mume wangu Clemens akanishika mkono, nikamsukuma.

"Niache! Ni huyo Felisian, ananihujumu!"

Majirani wote wakasikia.

Mama mkwe akachungulia kutoka jikoni, macho mekundu kwa moshi.

"Shikamoo, mama. Hujaona vijiti vyangu?"

"Marahaba. Si zile kuni? Zilikuwa mbichi, mwanangu. Nimeziweka kichanjani zikauke, nichemshie pombe ya ulezi ya sherehe yako."

Weee! Nikaingia mbio. Pini zangu zimejipanga juu ya moto, nyeusi tii kwa moshi.

Nikanyakua moja, mguu niponye hadi kigangoni. Nikaijaribu.

Ikaingia kwa kidole!

Moshi ulikuwa umezikausha zikanywea. Zilipokaa kwenye boriti zikanyonya unyevu, zikakaza. Jioni mzee Felisian alivuta moja kwa koleo hadi jasho likamtoka.

"Hii haitoki," akasema. "Na mimi siyo mwizi."

Niliona aibu, acha tu. Nikapiga magoti, akacheka.

Ila pini moja ilikosekana. Mama mkwe akainamisha uso. Ilishaungua chini ya chungu.

Akaingia jikoni, akarudi na mwiko wake wa ugali.

"Kata mpini."

Funzo? Kabla hujapiga kelele za mwizi, chungulia jikoni kwanza. Na siku hizi pini zangu nazikausha kabla ya safari.

Paa limesimama. Ila misa ikianza, mama mkwe wangu haangalii altare. Anaangalia mwiko wake.