Mwimbaji Aliyehamia Kulia

Kazi yangu ilikuwa masikio. Nilitoka Kenya nikiwa kijana, nikavuka mpaka, nikafungua kibanda cha kutengeneza redio na spika Wandegeya, na kwa miaka mingi sikuwa na kipimo cha sauti zaidi ya haya mawili niliyopewa bure na Mungu. Mteja analeta mtambo wake, natengeneza, nafumba macho, nasawazisha kushoto na kulia, kwisha. Nilikuwa na kiburi, nisiseme uongo.

Ukafika mwaka ambao wateja wawili walinirudia na lalamiko lile lile. Wa pili alikuwa mama mwenye baa Kabalagala. "Fundi, spika ya kushoto umeiweka juu sana. Watu wa upande huo wananihama." Nilimjibu vibaya. Nilimwambia basi akatafute fundi mwenye masikio manne. Lakini nilipofika nyumbani Naguru niliweka sidii ya kwaya niliyoijua miaka yote. Kuna dada anaimba peke yake, na siku zote alisimama katikati ya spika zangu mbili, sawasawa. Siku hiyo alikuwa amesogea kulia. Ama chumba kilikuwa na kasoro, ama mimi. Na kama ni mimi, tutakula nini?

Nikaamua ni chumba.

Na kweli kilikuwa na makosa yake. Spika zilikaa juu ya kabati la vyombo, zimebanwa kwenye pembe za ukuta, kila moja imevishwa kitambaa alichofuma mke wangu. Nikazivua. "Ebo! Vitambaa vyangu vimekukosea nini?" akauliza. Nikazishusha spika, nikazitoa ukutani hatua nzima, nikazielekeza kwenye kiti changu. Makochi yakasukumwa, zulia likahamishwa, na wageni wetu wa maombi ya Alhamisi wakawa wanaruka nyaya. Besi iliyokuwa ikivuma kama pipa tupu ikatulia, maneno yakasikika moja moja. Dada wa kwaya bado yuko kulia.

Nikabadilisha spika mahali, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto. Kama ni spika moja iliyochoka, dada angehama. Hakuhama.

Bado nikakishikilia chumba. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, mteja wangu, aliniazima maiki ya kupimia na kompyuta yenye programu ya kurekebisha sauti. Unaiweka maiki pale kichwa chako kinapokaa, kompyuta inapiga mluzi unaoanza kwa mngurumo na kupanda hadi mlio wa mbu, spika moja baada ya nyingine. Kisha inachora chumba kinavyoongeza hapa na kupunguza pale, na kile kilichozidi inakikata yenyewe kabla sauti haijafika kwenye spika. Nilipima Jumamosi nzima. Mke wangu, maskini, alikaa kimya jikoni na kisu cha matoke mkononi, akiogopa hata kugusa sufuria.

Jioni mistari ya kushoto na ya kulia kwenye kompyuta ikalaliana. Chumba kimenyooka. Nikamkalisha mke wangu kwenye kiti changu, nikaweka ile sidii.

"Yuko wapi?"

"Katikati. Kwani wewe unamsikia wapi?"

"Kompyuta hii ni takataka," nikasema.

Akanitazama, kisha akainuka. "Baba watoto, kinyozi hajinyoi. Kaa hapa. Haya, geuka, zipe spika mgongo."

Mtihani huo aliuona kwangu mwenyewe, nikiwafanyia wateja. Ukigeuka, upande wa chumba wenye kelele unabaki palepale, kwa hiyo unakujia kwenye sikio la pili. Hauhitaji kompyuta wala kuhamisha kochi. Wiki zote zile nilifanya kila kitu isipokuwa huo, kwa sababu niliuogopa.

Nikageuka. Dada wa kwaya akageuka nami, akasimama kulia kwangu.

"Ni mimi," nikasema. "Ni sikio la kushoto. Spika za yule mama nimeziharibu mimi, tena nikamtolea maneno." Machozi yalinitoka, mtu mzima mimi, na sikuyafuta.

Mke wangu akazima mtambo. Akavuta kigoda, akaketi upande wangu wa kulia bila kufikiri, na hapo nikang'amua.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka. Kila nikikuita kutoka upande ule, huitiki. Nilingoja useme mwenyewe."

Nilimkasirikia kidogo, kisha hasira ikakosa pa kushika. Nikamwuliza sasa nitafanya kazi gani.

"Ile ile," akasema. "Jumatatu tunakwenda Kabalagala wote wawili. Wewe utaomba radhi na kushika bisibisi. Kushoto nitakusikilizia mimi."