Kofia Isiyoinama

Juma lililopita nilikuwa nimeketi nyuma ya jiko nikiponda mrehani wa porini, ule tunaoutandaza katika banda la kuku ili viroboto wahame, mjukuu wangu Achieng aliponijia na simu yake. Kwaya ya kanisa lao la Homa Bay inakwenda Roma kuhiji, na wamepewa asubuhi moja ya kutembea wanakopenda. Achieng anataka kuliona lile jengo kubwa la mawe, la mviringo, ambamo watu wa kale waliketi wakitazama wenzao wakipigana na simba. Alinionyesha picha. Niliona ukuta, na katika ukuta mlango, na juu ya mlango mawe yaliyoshikana. Harufu ya mrehani ilikuwa imenijaa puani. Vitu hivyo viwili, mawe na harufu, vilinishika mkono huu na mkono huu, vikanirudisha Thimlich, nikiwa na umri wa kung'oka meno.

"Dani, bibi yangu, nisaidie kuchagua," Achieng alisema. "Waongozaji ni watatu. Wa kwanza anakuingiza bila kupanga foleni. Wa pili anavaa kama askari wa kale, na upanga na kofia ya chuma. Wa tatu ni mama mmoja, anachukua watu wachache, anakwenda polepole."

"Unaniuliza mimi, ambaye sijawahi kukanyaga hata darasa?"

"Ndiyo. Ukichagua vibaya nitakuwa na wa kumlaumu."

Mtoto huyu amelelewa vibaya, na aliyemlea ni mimi. Nilimwamuru aketi achukue kalamu, na nikaamua kusema kwa Kiswahili ili hata majirani zetu Wakuria wapate kusoma.

Huenda baadhi yenu mmefika Thimlich, upande wa Nyatike. Zipo kuta za mawe yaliyopangwa jiwe juu ya jiwe, bila udongo wala saruji, nazo zimempita mtu mrefu kwa kimo. Wazee wetu walizikuta, wakaishi ndani yake na mifugo yao, kisha nao wakahama. Siku hizi nasikia kuna kibao na kitabu cha wageni. Enzi zangu palikuwa na vichaka, nyoka na Ogutu.

Dani yangu Apiyo, mama yake baba, alizaliwa ndani ya kuta hizo. Nilipomjua mimi, tulikuwa tukiishi Ndhiwa, na macho yake yalikuwa yamebaki na uwezo wa kutofautisha mchana na usiku tu. Mjomba wangu Owino alipopata safari ya kwenda Nyatike kuwatazama ng'ombe wa mahari, Dani Apiyo aliagiza nipelekwe. Kaka zangu walilalamika sana.

"Wavulana watapanda juu waangalie mbali," alisema. "Mimi nataka mtu wa kuangalia chini."

Mama yake alikuwa akisaga wimbi juu ya mwamba uliomo ndani ya ua ule, miaka na miaka, mpaka mwamba ukabonyea. Nilitakiwa kutia mikono yangu katika bonde lile. Hakuniomba nichukue kitu wala nilete kitu. "Usipotia mikono, usirudi hapa kunisimulia habari za njiani," alinionya, kisha akanikabidhi kipande cha sukari nguru ndani ya jani kavu la mgomba, kiwe zawadi ya atakayenionyesha mahali. Nilikibeba siku mbili bila kukigusa. Hapana, nimeshazeeka, acha niseme kweli: nilikilamba mara moja tulipovuka Mto Kuja, upande wa chini usioonekana.

Tulilala kwa jamaa zetu karibu na kuta. Asubuhi mjomba alisema neno moja tu: "Umande ukikauka, tunaondoka." Nilikimbia.

Njiani nilimkuta Ogutu. Bwana huyu aliwahi kuwabebea mizigo wageni waliokuja kupima ardhi, wakamwachia kofia ngumu, pana kama uyoga. Aliivaa shambani, aliivaa msibani, na watu walisema hulala nayo. Hatua chache kutoka kwake, kwenye ukingo wa ua, mjane mmoja alikuwa akifyeka nyasi za kuezekea. Watu walimwita Nyar Kadem, yaani binti wa Kadem, kwa kuwa aliolewa kutoka huko.

"Binti, umefika kwa mwenyewe," Ogutu alisema. "Mimi nitakuonyesha pango la chui, na kiti cha jitu, na mahali radi ilipompiga mchawi akiwa ameketi."

"Ameketi vipi?"

"Hivi. Mguu juu ya mguu."

Nilimgeukia yule mama. "Nawe, mama, utanionyesha nini?"

Hakusimamisha mundu wake. "Mimi sionyeshi. Mimi nakata nyasi. Ukitaka kuingia, njoo tuingie."

"Umemsikia?" Ogutu alicheka. "Huyo atakuonyesha nyasi. Kwani kwenu hakuna nyasi?"

Ninyi mngemchagua nani? Nilimpa Ogutu sukari nguru yangu, naye akaimega nusu papo hapo.

Sasa sikilizeni kosa letu. Mlango wa ua ule ni mfupi mno, hata mtoto sharti ainame. Ogutu aliutazama, akaigusa kofia yake, akasema, "Hii haiinami." Akanipeleka mahali ambapo ukuta ulikuwa umelegea, tupite juu. Katika desturi zetu anayeruka ua wa boma la mtu ni mwizi, au ni mtu anayeleta balaa, na mimi nililijua hilo kabla sijajua kuhesabu vidole vyangu. Lakini aliyekuwa mbele yangu alikuwa na kofia, na kofia ilinitosha kuwa ushahidi. Nilipanda. Jiwe likacheza chini ya mguu wangu, likaita jiwe la pili, na la pili likaita ukoo mzima. Nilijikuta ndani, nimeketi, goti limechubuka, na ukuta una pengo la kupitisha ndama.

"Upepo huo," Ogutu alisema kutoka nje. Kisha akakumbuka kwamba shangazi yake ni mgonjwa, akaondoka na sukari yangu. Hata chui sikuonyeshwa.

Nyar Kadem alikuja akasimama penye pengo. Nilingoja kofi. "Umeingia kama mwizi," alisema. "Toka ulikopita, uje mlangoni."

"Sukari yangu imeisha, mama. Sina cha kukupa."

"Sina meno ya sukari. Mikono unayo?"

Mlangoni alisema, "Inama," akatangulia. Nilimuuliza kwa nini watu wakubwa walijijengea mlango wa watoto. Akanieleza kwamba adui aliyeingia alitanguliza kichwa, na ndani alingojwa na mtu mwenye rungu.

"Na mgeni mwema je?"

"Huinama vilevile. Atajulikana akishaingia."

Kisha tukaanza kazi. Nilidhani kurudisha jiwe ni kulitupia mahali penye nafasi. Yeye alilishika kila moja, akaligeuza, akalijaribisha, akaligeuza tena. Nililisukuma moja kwa nguvu, akalitoa. "Jiwe halilazimishwi. Ligeuze mpaka likubali lenyewe." Mrehani wa porini ulikuwa umeota katika nyufa, tukauponda kwa mawe na viganja mpaka hewa yote ikanuka. Jua likapanda. Umande ukakauka. Nikasikia sauti ya mjomba ikiniita kutoka bomani, mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili bila upole.

Machozi yalinitoka. Nikamwambia habari ya Dani Apiyo, na bonde la kusagia, na kwamba nitarudi mikono mitupu.

"Yamebaki mawe manne," alijibu. "Weka hili."

Niliweka. Niliyaweka yote manne, kila moja nikiligeuza, huku jina langu likiitwa. Lilipokubali la mwisho, Nyar Kadem alinishika bega akanirudisha hatua kama kumi, mahali alipokuwa akikata nyasi alfajiri ile kabla hajahamia nje. Akazitenga zilizobaki kwa mundu. Mwamba ulikuwa hapo chini, laini kama ulimi wa ng'ombe, una mabonde matano yaliyokaa pamoja kama wanawake walioketi kuongea.

"La nani ni lipi?" nilipiga kelele.

"Hilo utajua wewe. Mimi si wa ukoo wenu."

Nikapiga magoti. Dani Apiyo alikuwa amewahi kuniambia kwamba mama yake alitumia mkono wa kushoto, na kwamba wakwe walimcheka kwa hilo. Bonde la nne lilikuwa limeliwa zaidi upande wa kushoto. Nikatia mikono yote miwili, ikatoshea. Kisha nikakimbia, nikapigwa na mjomba njiani, na sikuhisi kitu.

Ndhiwa, Dani Apiyo hakungoja salamu. Alichukua mikono yangu akainusa. Akapapasa ngozi iliyochubuka.

"Uliingilia wapi?"

Nikaogopa, nikasema kweli. "Mara ya kwanza juu ya ukuta, Dani. Mara ya pili mlangoni."

Alicheka mpaka akakohoa. "Angalau mara ya pili." Kisha akaibana mikono yangu kati ya magoti yake, akakaa hivyo mpaka chakula kikaiva. Mimi nilidhani amechoka. Nilijaribu hata kumsimulia habari za njiani, akaninyamazisha.

Sasa magoti yangu mimi hayapandi tena njia ya Thimlich, na ndipo nimemwelewa. Hakuhitaji habari. Bonde lile alilijua kuliko mtu yeyote aliye hai. Alikuwa na mwili usioweza kwenda, akatafuta mikono ya damu yake akaituma, na jioni ile ilikuwa imemrudia.

Nilimwambia Achieng awaandikie waongozaji wote watatu swali moja: je, kwenu kuna mahali mtu anapoinama? Alisema watanidhani mwendawazimu, lakini aliandika. Wa kwanza hakujibu. Yule askari alituma picha yake amevaa kofia ya chuma, na nilipoiona nilicheka peke yangu kwa muda mrefu. Yule mama alijibu kwamba chini ya uwanja upo ujia walimopita watumwa na wanyama, na mahali pamoja dari ni fupi, warefu huinama.

Basi Achieng, andika na hili, kisha uende ukawafungie kuku. Nimekwisha kuchagua. Usichonge jina lako mahali popote. Wakikuruhusu kugusa, gusa. Na siku ya kurudi, usinianzie na habari za ndege. Nipe mikono kwanza.