Baba Alipokuwa Yuda

Ninyi mliokulia milimani huku Mbinga wakati wangu mtaniunga mkono nikisema kwamba sisi uigizaji tuliuona. Huu wa siku hizi ni kitu kingine. Kuna bwana mmoja ambaye binti yangu Skola anampenda sana, na kwa kuwa televisheni ni ya Skola, nami nalazimika kumwona kila jioni. Akiwa daktari, anazunguka wodini na miwani ya jua. Akiwa mlevi wa kilabuni, ndevu zimechongwa kwa wembe. Juzi alikuwa mzimu, na mzimu wenyewe ukaja na gari, ukashuka kwa mwendo uleule wa kurusha mabega.

"Huyu si ndiye yule daktari?" nikauliza.

"Mama jamani, hiyo ndiyo staili yake," Skola akanijibu.

Staili! Mtu ameshindwa kuvua miwani, tunaambiwa ni staili.

Enzi zetu mchezo ulikuwa mmoja tu kwa mwaka, Mateso ya Bwana, siku ya Ijumaa Kuu, kwenye uwanja wa kigango chetu. Mazoezi yalifanyika Kwaresima nzima, watu wakitoka shambani na tope miguuni. Askari wa Kirumi walivaa sufuria vichwani, Pilato alijifunga pazia la nyumbani kwa katekista. Sisi watoto tulikaa mbele kwenye nyasi, magoti yanang'aa kwa mafuta, tukitafuna mahindi ya kuchoma kwa kujificha, maana ilikuwa siku ya kufunga. Hakuna aliyekuwa na kipaza sauti, na bado hadi bibi wa safu ya mwisho alisikia kila neno.

Mwaka ambao nataka kuusimulia, katekista alimpa baba yangu nafasi ya Yuda. Baba alikuwa mkulima wa kahawa, mtu mpole, mwenye utani na kila mtu. Kwaresima ile akabadilika. Alikaa kimya mezani, ugali na dagaa wa usipa vikapoa mbele yake. Mama alidhani ni malaria. Baadaye tukajua alikuwa anamtafuta Yuda, anajiuliza mtu wa namna ile anasalimiaje, anacheka vipi na rafiki ambaye ameshamuuza.

Ijumaa Kuu ikafika. Baba akatoka mbele ya askari, akamwendea Yesu, kijana mmoja wa kwaya. Kanzu ya kijana ilikuwa imemteleza begani. Baba akaiweka vizuri, polepole, kama anavyofanya kaka, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umekula lakini?" Halafu akambusu. Maneno yale hayakuwamo katika mchezo. Uwanja mzima ukalipuka kwa kilio, na mimi mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, nilimwogopa.

Sasa, wiki ya Pasaka ilikuwa zamu yetu ya ujima, ile tunayoiita ngokela. Mnaojua kilimo chetu cha ngoro mnajua kwamba wanaume hukata nyasi na kuzilaza kwa miraba, kisha akina mama hufukua udongo wa katikati na kuzifunika, yakabaki mashimo ya kushika maji mlimani. Kazi hiyo haisubiri, kwa sababu maharage lazima yaingie udongoni mvua zikiwa bado zipo. Nyasi zetu zilikuwa zimeshalazwa. Mama akapika togwa, chungu kikajaa. Tukangoja mpaka jua likawa utosini, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuja.

Mama Kanisia, kiongozi wa kikundi, alikutana na Mama kisimani. "Mama Rosta, na wewe hatuna ugomvi," akamwambia. "Lakini shamba la mtu yule, mikono inakataa."

Katekista akaja nyumbani na ushauri wake. Jumapili Baba asimame baada ya misa, awaeleze watu kwamba ule ulikuwa mchezo tu. Mama akamtazama Baba kwa macho ya kuomba, maana maharage yale ndiyo yalikuwa chakula chetu cha mwaka.

"Niwaambie hawakukiona walichokiona?" Baba akasema. "Hapana, katekista. Walilia kweli."

Hakusimama. Tukalima wenyewe, Mama na sisi watoto, mikono ikatoka malengelenge, na zaidi ya nusu ya shamba ikabaki nyasi. Mwaka ule tulikula majani ya maboga mpaka tukayachukia. Akina mama walianza kuitikia vizuri salamu za Baba kahawa ilipoiva.

Mwaka jana mimi na Skola tulimpeleka Baba Mbamba Bay, akapunge upepo wa ziwa. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo. Tukakuta umati ufukweni. Bwana Miwani mwenyewe alikuwa anapigwa picha ya filamu, safari hii akiwa baba maskini aliyezama ziwani, ameacha mke na watoto. Alilala mchangani amekufa, miwani ipo, viatu vyeupe havijaguswa na maji. Mke wa kwenye filamu alipiga yowe, na umati ukapiga makofi, ukamwita marehemu kwa jina lake la mjini. Basi marehemu akainua kichwa akatabasamu, na wasichana wakamkimbilia na simu zao. Naye akafurahi kweli kweli, kwa sababu alichokuja kuonyesha ni yeye, na yeye walimwona. Huyo atanyimwa nini na nani? Kila nyumba atakaribishwa, kila meza atakula.

Baba aliangalia mpaka mwisho. Tulipokuwa tunapandisha mlima kurudi Mbinga, akanigeukia.

"Rosta, sasa yule baba aliyezama, nani amemlilia?"