Maharage ya Agnesi na Umeme wa Kupima

Chuo kikuu kilipotafuta kilima chenye upepo wa uhakika, kilikipata shambani kwa Agnesi, huko Mamboya. Mwenyewe hakuwahi kuuhesabu upepo huo kuwa neema; kila mwaka ulimwezulia bati la jikoni. Lakini kijiji hakikuwa na umeme, hivyo walipoomba kusimika mtambo wa umeme wa upepo alikubali kwa mikono miwili.

Mlingoti ukasimama, mapanga yakaanza kuzunguka. Agnesi akamfuata mtafiti mkuu, Dakta Onesphory.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya, waya wangu utapitia dirisha gani?"

Dakta akajikohoza. "Mama, huu si umeme wa kutumia. Ni wa kupima. Tunatafuta jenereta yenye ufanisi zaidi. Ukiwasha taa utatuvurugia vipimo."

"Sasa umeme wenyewe unakwenda wapi?"

Akamwonyesha sanduku la chuma chini ya mlingoti. Umeme wote uliingia humo, ukageuka joto, joto likapotelea hewani. Agnesi alirudi nyumbani, akawasha kibatari.

Kesho yake watafiti waliposhuka Kilosa mjini, alibandika sufuria ya maharage juu ya sanduku. Yakaiva. Jirani yake Anitha naye akaleta makande. Dakta alipowafuma alifoka, kisha akanusa, kisha akaomba sahani. Tangu hapo timu nzima ikawa inakula pale, na ripoti ikasema jamii imeshirikishwa kikamilifu.

Semina ya matokeo ilifanyika hotelini Mikumi, kwa kuwa Mamboya hakukuwa na umeme wa projekta. Profesa mmoja alitangaza kuwa jenereta imefanikiwa mno. Makofi yakapigwa. Agnesi, aliyealikwa kama mnufaika, akapewa kipaza sauti.

"Maharage yangu yaliiva vizuri, namshukuru Mungu. Ila taa je?"

Profesa karibu aruke kitini. "Maharage! Huo ndio utafiti!" Kabla ya chai, mradi wa kupikia kwa upepo ulikuwa umeshapata jina.

"Basi mtuachie lile sanduku," Agnesi akasema.

"Haiwezekani, mama," Profesa akajibu. "Mradi mpya unakwenda Msowero. Nyinyi mmeshanufaika."

Siku ya kushusha mlingoti aliwapikia maharage ya safari, roho ikimuuma.

"Mama, mbona leo yanachelewa?" Onesphory akauliza.

"Kuni mbichi, baba."

Akawapakulia hivyo hivyo, magumu. Onesphory akayatafuna yote, lori lililopakia sanduku likinguruma nje.