Keki ya Ghorofa Tatu na Gari Linalotetemeka

Mama yangu hamwamini mtu yeyote aliyewahi kufungua boneti ya gari lake. Aliwahi kulipeleka kwa fundi, likarudi na tairi la akiba lenye upara ambalo hakuwahi kuliona maishani. Tangu siku hiyo alinunua spana zake, akajifunza kubadilisha plagi za injini mwenyewe uani, na kila plagi anaipaka tone la rangi nyekundu ya kucha. Atakayezigusa, anasema, watajuana.

Kazi yake ni kuoka. Asubuhi anapeleka mikate madukani, mwisho wa wiki ni keki za harusi. Bila gari, anasema, oveni yake ni kabati la joto tu.

Basi mjomba, mdogo wake, ambaye ni kinyozi na hodari wa kuazima vitu, aliazima gari kuhamishia viti vya kibanda chake. Alilirudisha limeoshwa. Hilo la kuoshwa ndilo lililomtia Mama wasiwasi kwanza, maana mjomba hajawahi kuosha hata kikombe alichonywea chai. Siku chache baadaye gari likaanza vituko. Likitembea, halina neno. Likisimama kwenye taa, injini inakohoa, usukani unatetemeka, na vioo vinagongana kama meno ya mtu mwenye homa. Keki tuliyokuwa tumebeba ilifika ukumbini na ufa kuanzia juu hadi chini.

Mwenye ukumbi, ambaye ndiye anayemletea Mama karibu wateja wake wote wa harusi, aliuangalia ule ufa kwa muda mrefu. Hakugomba. Alisema tu kwamba Jumamosi kuna keki ya ghorofa tatu, na kama nayo itafika imepasuka, atamtafuta mwokaji mwingine.

Mama akaendesha mpaka tukafika kwetu. Akazima gari, akakaa na ufunguo mkononi.

"Mjomba wako kabadilisha plagi zangu," akasema. "Kaniwekea kuukuu."

Kuanzia hapo simu za mjomba zikawa zinaita mpaka zinachoka, Mama hapokei. Mimi nilitaka kujua mtu anaibaje plagi, anamuuzia nani, na inakuwaje anaosha gari kabla ya kulirudisha. Mama alisema wezi wote ni wasafi, nikae kimya nimshikie kitambaa.

Ijumaa mchana, injini ilipopoa, akachomoa waya wa betri, akaanza kufungua plagi moja baada ya nyingine na kuzipanga kwenye sinia la kuokea. Nikainama kuziangalia. Kila moja ilikuwa na tone lake jekundu.

"Ni zile zile, Mama."

Akaichukua moja, akaikwangua kwa ukucha, akainusa. "Mke wa mjomba wako anapaka rangi nyekundu hii hii," akasema.

Sikujua nicheke au niogope. Akazisafisha, akazirudisha, akaunganisha waya wa betri, akawasha gari. Likatetemeka vile vile. Akaweka glasi ya maji juu ya kiti cha mbele, nayo maji yakacheza mpaka yakamwagika. Hapo ndipo geti lilipogongwa, akaingia mjomba mwenyewe, mashine ya kunyolea bado iko mfukoni.

"Dada, simu yako mbovu au mimi ndiye mbovu?"

Mama hakumsalimu. Alimuuliza alifungua boneti kwa ruhusa ya nani. Mjomba akaapa hata kuifungua hajui, kwamba aliliosha kwa sababu kiti kimoja kiligonga chupa ya mafuta ya nywele yakamwagikia mlango. Mama akaenda kuunusa mlango. Ulinukia mafuta ya nywele. Akarudi na uso ule ule, ila safari hii alinitazama mimi, kama vile huenda tulipanga wote wawili.

Mjomba akasimama kando ya injini, akatega sikio. Akauliza mbona kuna kitu kinafyonza, kama mtoto anayemalizia juisi kwa mrija. Mimi pia nilikuwa nimeisikia hiyo sauti, nikadhani ndivyo injini zinavyopumua. Mama akainama, akasikiliza. Akanituma nilete chupa ya kupulizia ambayo huwa anarashia keki maji ya sukari, akaiosha, akaijaza maji matupu. Akaanza kupuliza kidogo kidogo kwenye mipira inayopitisha hewa ya injini, mmoja mmoja, mbali na nyaya. Alipofika kwenye kimpira kimoja cheusi nyuma ya injini, mtetemo ukakata. Injini ikatulia kwa pumzi moja, kisha ikaanza tena.

Akazima. Akakichomoa. Kilikuwa kimetafunwa, kina tundu la kuingia ncha ya kidole, ndilo lililokuwa likifyonza hewa mpaka maji yakaliziba.

"Panya," mjomba akasema, akijitahidi asicheke.

"Wa kwako au wa kwangu?" Mama akauliza.

Niliingiza mkono pale nyuma nikatoa kiota. Kilikuwa kimefumwa kwa nyuzi za buluu, na katikati yake kulikuwa na madonge ya unga uliokauka. Sote tuligeuka kuangalia kamba ya nguo. Taulo la buluu la Mama lilikuwa pale, limeliwa pembeni.

Ni kwamba kila asubuhi, akirudi kutoka kupeleka mikate, Mama huweka beseni la unga uliokandwa juu ya boneti yenye joto na kulifunika kwa lile taulo, uumuke upesi. Ukizidi unafurika, unateleza chini ya vifuta kioo na kuingia ndani. Miaka yote alikuwa anaona unapotea tu. Kumbe kuna mtu alikuwa anakula.

 Mjomba alikichukua kile kimpira akatoka nacho, akarudi na kipya cha kipimo hicho hicho. Mama alikipindapinda, akakivuta, akauliza kama kweli ni kipya, kisha akakifunga. Glasi ikarudi kwenye kiti. Maji yakatulia kabisa.

Jumamosi aliyeendesha alikuwa mjomba. Hakuna aliyeombwa msamaha. Mama alimrushia ufunguo tu, yeye akakaa nyuma na keki. Kwenye taa nyekundu hakuna aliyepumua. Ghorofa tatu zilisimama bila kutikisika hata ua moja. Mwenye ukumbi aliizunguka keki mara mbili akitafuta ufa, akaukosa, akamwambia Mama tarehe ya harusi nyingine.

Jioni, baada ya kurudi, nilifungua boneti, nione tu. Kwenye kimpira kipya kulikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha, bado halijakauka vizuri. Na beseni la unga lilikuwa limehamia juu ya boneti ya gari la jirani.